Binti Yangu Aliyekubali Kila Kosa

Wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe. Wa asalaamu aleikumu, waaleikumu salaamu. Salamu zimeisha. Sasa tusemane.

Mama mhudumu wa afya ndiye aliyeniomba nisimame mbele yenu kwenye mafunzo haya, na akanisihi niseme kwa upole. Nikamwambia nitajaribu. Lakini nawaona mlivyokaa hapa kwenye madawati ya watoto, mmejifunga khanga zenu vizuri, nyuso za huruma kabisa, na upole wenyewe umeshanitoka. Nitasema nilivyo. Jina la mtu sitalitaja. Mwenye lake atajijua, akitaka ainame, asipotaka aendelee kunikodolea macho, shauri yake.

Mnanijua mimi nilikuwa nani. Nilikuwa mpishi wa pombe ya mtama. Nilianza mwaka ule mvua ilipokatika mahindi yakiwa magotini, baba watoto akakaa tu anaangalia mawingu, nikasema sitakufa na wanangu wawili huku nina mikono. Nikajifunza kuotesha kimea, kupika, kuchuja. Pombe yangu mliisifia ninyi wenyewe kuanzia hapa mpaka barabarani Iguguno. Msijifanye leo hamkumbuki, wengine hapa mlikuwa mnafika kwangu kabla hata kuku hawajafunguliwa.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo penye jambo. Kwetu mpishi akifungua mtungi, anywe yeye kwanza. Si kuonja kwa ncha ya ulimi, hapana. Anajaza kata, kile kibuyu cha kunywea, anakunywa mbele ya mteja mpaka mteja aone koo linashuka, ndipo na yeye apokee. Hiyo ni kuonyesha kwamba hujaweka sumu wala uchawi. Akija mwingine ukafungua mtungi mwingine, unakunywa tena. Siku ya mnada, siku ya msiba, siku watu wamealikana kuvuna, mimi nilikuwa nimeshakunywa kata sijui ngapi kabla ya chakula cha mchana, na mara nyingi hicho chakula cha mchana chenyewe kilikuwa hiyohiyo pombe.

Nikashika mimba ya tatu. Nikaenda kliniki, nesi akatuambia wote kwenye benchi, mama mjamzito usiguse pombe. Nikarudi nyumbani nikasema basi, mtungi nitafungua lakini sitakunywa. Wiki ile ile nikafungua mtungi, nikamjazia mtu kata, nikampa bila kunywa. Akaitazama. Akanitazama. Akasema, "Kwani humu umeweka nini?"

Aliyesema hivyo yupo humu ndani. Sikutaji, mama, tulia.

Mkaanza kunong'ona. Wiki mbili nzima pombe ikaniozea, watu wanapita mlangoni kwangu wanaenda kwa mwenzangu kule juu. Na mkaja na maneno yenu. Eti nesi ni mtoto wa mjini, anajua nini? Eti pombe ya mtama inaongeza damu. Eti inamsafisha mtoto tumboni, anatoka mwili safi hana utando. Eti mama zenu walikunywa na ninyi mmetoka wazima. Mama mkwe wangu mwenyewe alinijazia kata akanishika bega, "Kunywa mwanangu, utazaa kwa urahisi." Nikanywa. Nikafungua mtungi nikanywa mbele yenu, mkafurahi, biashara ikarudi. Na ndugu zangu, nisiwadanganye nikajifanya malaika, baada ya mwezi mmoja sikuwa nangojea mteja tena. Nilikuwa nafungua mtungi nikiwa peke yangu. Nilizoea. Nilipenda. Kliniki nikiulizwa, nasema, "Sijagusa, nesi," na mdomoni nimetafuna majani ya mpera kuua harufu.

Mtoto akazaliwa mdogo, nilimshika kwa mkono mmoja. Binti. Alikuwa hawezi kunyonya akashiba, ananyonya kidogo analala, akiamka analia kilio chembamba kisichokwisha. Mkaja kunipongeza, na mlipotoka nje nikawasikia. Mmoja akasema macho yake madogo. Mwingine akasema mbona hapa juu ya mdomo hakuna kale kamfereji, pamelala tu. Mkaondoka mmepata la kusema wiki nzima. Na mlichoniletea ili maziwa yatoke ni nini? Pombe! Kidumu kizima, na mimi nikakipokea kwa mikono miwili nikishukuru.

Akachelewa kukaa, akachelewa kutembea, akachelewa kusema. Alipoanza shule ndipo nikaona kazi. Leo mwalimu anamfundisha herufi, anazijua, anaziimba njia nzima. Kesho hazipo. Si kwamba hataki, hazipo kabisa. Ukimtuma chumvi na kibiriti, anakuja na kibiriti. Ukimtuma chumvi, kibiriti na sabuni, anarudi mikono mitupu, anakuangalia, anacheka. Anachukua kalamu ya mwenzake bila kuuliza, akiulizwa anatunga kisa ambacho hata hakina haja. Mkamwita zezeta. Watoto wenu wakaja kuimba hilo neno kwenye ua wangu, na hakuna hata mmoja wenu aliyewaita warudi nyumbani. Baba yake akasema upande wa kwao hakuna mtu wa namna hiyo, akaenda kutafuta kibarua Manyoni, akapata na mke hukohuko. Haya, safari njema.

Na mimi je? Nilimpiga. Nisemeni mnavyotaka, nilimpiga sana. Nilidhani ni ukaidi. Siku moja alienda kisimani akaacha ndoo. Nikamrudisha, akarudi bila ndoo. Nikamrudisha tena, akaja na maua ya njiani. Nikachukua mwiko wa pombe, ule mrefu, nikampiga nao mgongoni na miguuni mpaka mkono wangu ukachoka, na wakati huo nimelewa asubuhi na mapema. Baadaye kidogo nimekaa chini, yeye akaja kukaa karibu yangu, machozi hayajakauka, akaniuliza, "Mama, kwani nilifanya nini?" Hakuwa ananikejeli jamani. Alikuwa ameshasahau ndoo. Alichobaki nacho ni maumivu tu, hajui ya nini.

Nikampeleka Kiomboi, hospitali. Wifi yangu akanisindikiza. Daktari akampima kichwa, akamwangalia uso, akamwambia achore duara, akamwambia arudie maneno matatu. Kisha akanigeukia mimi, "Mama, mimba ya huyu ulikunywa pombe?" Wifi ananitazama. Nikasema, "Daktari, mimi sijawahi hata kuionja." Mpishi wa pombe! Nguo zangu zenyewe zilikuwa zinanuka machicha. Daktari hakugombana na mimi. Akaandika kwenye daftari, akasema, "Siku ukiwa tayari kunijibu, rudi. Siulizi ili nikufunge. Nauliza ili nijue namna ya kumsaidia." Nikatoka pale nimekasirika, nikamtukana njia nzima kwenye basi, nikafika nyumbani nikanywa mpaka nikalala na viatu. Miaka mitatu sikurudi.

Sasa tufike kwenye lile lenu. Mnalijua. Mnaanza kuangalia chini, subirini, bado sijafika.

Msimu ule wa alizeti, binti yangu ana miaka kumi na miwili. Lundo la alizeti la jirani yangu liliungua shambani mchana, limekatwa, limekauka, linasubiri kupigwa. Lilikwisha lote. Mtu akasema alimwona binti yangu akipita njia ile. Kumwona akipita, basi! Anapita pale kila siku, ndiyo njia ya shule. Wakamkamata, wakamuuliza, akakubali. Kesho yake mkaitisha mkutano wa kitongoji, pale kwenye ghala la kijiji, watu wote.

Nilikwenda nimekunywa. Nasema ukweli. Nilisimama nyuma kabisa nimeegemea ukuta nisianguke. Mwenyekiti wa kitongoji akamsimamisha katikati, mtoto amevaa sare ya shule, mguu mmoja kiatu, mguu mmoja ndala. Akamuuliza, "Ni wewe uliyechoma alizeti?" Akasema, "Ndiyo." "Ulitumia kibiriti?" "Ndiyo." "Ulitumwa na mtu?" "Ndiyo." "Au ulifanya kwa akili yako mwenyewe?" "Ndiyo." Na hamkushtuka! Mtu mzima anasikia mtoto ametumwa na hajatumwa kwa pumzi moja, na anatikisa kichwa kwamba haya, amekiri. Mwenye alizeti akasema huyu ana pepo, atatuchoma ndani ya nyumba zetu. Mmoja wenu akasema shule asirudi. Mwingine akasema apelekwe kwa baba yake Manyoni kabla ya Jumapili, akikataliwa huko apelekwe kwa mganga akafungwe kamba mpaka pepo atoke. Mkapiga kura kwa mikono. Mikono iliyoinuliwa niliiona, na leo naiona hapa imeshika madaftari ya mafunzo.

Manyoni kwa nani? Kwa mwanamume aliyemkimbia? Nilijua kabisa, mtoto huyu akiondoka mikononi mwangu, mtu yeyote atamuuliza neno lolote naye atasema ndiyo. Njoo huku. Ndiyo. Usimwambie mtu. Ndiyo. Ninyi akina mama hapa wenye mabinti, mnanielewa nasema nini. Pombe iliniisha kichwani palepale.

Nikatoka ukutani. Nikasukuma watu. Mwenyekiti akasema, "Mama, umelewa, kaa chini." Nikamwambia, "Nimelewa, lakini na mimi nina maswali kwa mshtakiwa wenu."

Nikamshika mwanangu bega. Nikamwuliza kwa sauti ileile ya mwenyekiti, "Jana ulikwenda Dodoma?" Akanitazama, akataka kunifurahisha, akasema, "Ndiyo, mama." "Ulikwenda kwa ndege?" "Ndiyo." Watu wakacheka. Nikamwuliza, "Na huyu mwenyekiti, ni wewe uliyemzaa?" Akasema, "Ndiyo." Hapo kicheko kikaanza vizuri, halafu kikakatika, kikakatika mmoja mmoja. Nikawaambia, "Mmemwuliza mtoto ambaye hajui kusema hapana kwa mtu mkubwa. Ukimkazia macho anakubali ili umwache. Sasa mfungeni na kwa kosa la kumzaa mwenyekiti."

Mwenyekiti akapangusa jasho. Akaniuliza, na sauti ilikuwa imeshuka, "Basi mama, huyu mtoto ana nini?"

Ndugu zangu, nawaambia, ningeweza kusema amelogwa. Mngekubali wote, mngeniletea na unga. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimwangalia amesimama na kiatu kimoja, ananishika khanga, haogopi kwa sababu mama yake yupo, na mama yake ndiye aliyemfanyia. Nikasema, "Nilikunywa. Mimba yake yote nilikunywa pombe. Daktari aliniuliza nikamdanganya. Hana pepo. Ni mimi."

Mkanifanyaje? Mmoja akatema mate chini karibu na mguu wangu. Mwingine akasema muueni huyu mchawi wa mwanawe. Ninyi! Ninyi mliokataa kupokea kata mpaka mnione nakunywa, na tumbo langu liko hapa! Niliwaona mnashangaa kana kwamba hamjawahi kufika kwangu. Mwanamke mmoja tu alisimama. Mama mkwe wangu, mzee yule, na mguu wake mbovu. Akasema, "Hakujaza peke yake. Mimi nilimjazia. Nilimwambia atazaa kwa urahisi. Mkimtemea mate, nitemeeni na mimi." Akaja akasimama upande wa pili wa mtoto. Mkutano ukavunjika hivyohivyo, hakuna aliyeufunga.

Baada ya siku nne mrina asali mmoja akajitokeza mwenyewe, akasema alikuwa akifukiza mzinga kwenye mti ulio karibu na lile shamba, upepo ukabeba cheche mpaka kwenye lundo, akaogopa akakimbia. Akamalizana na mwenye alizeti, wakapeana mikono, mkala na mbuzi. Vizuri. Ila nani alikuja kwangu? Nani alimwambia mtoto, mwanetu, tulikukosea? Nimesubiri. Mbuzi mlimla hatua chache kutoka mlangoni kwangu, harufu tuliisikia.

Nikarudi Kiomboi. Daktari ni yuleyule. Nikamwambia, "Nimekuja kujibu." Akafunga mlango, akanieleza pole pole. Pombe ninayokunywa inaingia kwenye damu yangu, inapita kwenye kondo la nyuma, inamfikia mtoto. Mimi mtu mzima mwili wangu unaishughulikia, wake bado hauwezi, na wakati huohuo ubongo wake ndio unajengwa. Penye kuharibika panabaki hivyo. Kukumbuka, kuhesabu, kujizuia, kujua huyu ananidanganya, hayo ndiyo yanayopata shida, na anakua nayo mpaka utu uzima. Nikamwuliza iko ya kienyeji na iko bia, ipi afadhali? Akasema hakuna. Nikamwuliza kiasi gani hakidhuru? Akasema hakuna mtu anayekijua, kwa hiyo usinywe kabisa. Nikamwomba dawa. Akasema dawa ya kurudisha haipo, ila mtoto anasaidika sana, na wa kwanza wa kumsaidia lazima awe mzima. Alikuwa ananiangalia mimi.

Sikuacha siku moja, msidanganyane. Daktari alinionya nisikate ghafla nikiwa peke yangu, nikalazwa, nikatoka, nikakaa miezi miwili safi. Halafu ukatokea msiba, nikanywa. Mama mkwe akaja kunichukua kule msibani, akanishika mkono njia nzima watu wakitutazama. Tangu siku hiyo sijanywa, na mitungi nimeitoa. Sasa nafuga kuku, na kuku hawaniombi nionje.

Nikamwambia na binti yangu. Hilo lilinishinda kuliko ghala lile. Nikamwambia, "Ukisahau si kosa lako. Mama alikunywa pombe ukiwa tumboni, ikakuumiza kichwa." Akafikiri, akasema, "Sasa usinywe tena." Akaenda kucheza. Kesho yake alikuwa amesahau, akaniuliza mbona wenzake wanajua kusoma. Nikamwambia tena. Nimeshamwambia mara nyingi, na kila mara naiona sura yake ikisikia kwa mara ya kwanza. Hicho ndicho kifungo changu, na siombi kupunguziwa.

Ana miaka kumi na minne sasa. Haendi mbio za wenzake, lakini anaenda. Namtuma kitu kimoja, akileta namtuma cha pili. Kila asubuhi mambo ni yaleyale, kwa mpangilio uleule, nikiubadilisha siku inaharibika. Simwelezi kwa maneno mengi, namshika mkono tunafanya wote. Anajua kuku wote kwa sura, anajua yupi anaatamia wapi, na katika hilo hajawahi kusahau hata siku moja. Fimbo hakuna.

Nashukuru. Namshukuru mzee yule mwenye mguu mbovu, ambaye leo anajisikia vibaya hakuweza kuja. Namshukuru daktari aliyenisubiri miaka mitatu bila kunichoka. Namshukuru mwalimu wake, aliyemketisha mbele, akampa kazi ya kupiga kengele, akawakataza wenzake lile neno. Namshukuru na mrina asali, maana angeweza kunyamaza. Wengine siwashukuru. Nikiwashukuru nitakuwa nawaongopea, na uongo nimeuacha pamoja na pombe.

Funzo ni hili. Wewe uliyekaa karibu na dirisha, tumbo lako la miezi mitano, Jumamosi nilikuona kilabuni. Usinichukie. Au nichukie, lakini kata uiweke chini leo, na ukishindwa njoo kwangu, mlango wangu unaujua. Ninyi mnaomjazia, mkisema onja kidogo tu, mjue mnampa nani. Na ninyi wapishi, mteja akikuuliza umeweka nini humu, mwambie aende akanywe maji.

Mwisho. Binti yangu yuko nje, amekuja kunisubiri. Mtakapotoka atawaamkia, shikamoo, kila mmoja wenu, kwa heshima, mikono ameifumbata. Miaka miwili hii anawaamkia mnampita. Mimi msiniombe radhi, sina pa kuiweka. Mwitikieni yeye. Na ukimaliza kusema marahaba atasahau kwamba ameshakuamkia, atakuamkia tena. Mwitikie tena.